Droo ya M: namna kompyuta inavyopanga vitu, kwa mifano ya huku Mbeya

Mwambie mwenyeji yeyote wa Mbeya apange majina ya watu kwa alfabeti, atakuuliza kabla hajaanza: "Na M utaiweka wapi?" Mimi sikuuliza. Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kutengeneza programu ya chama kimoja cha akiba na mikopo, hapa hapa mjini. Ofisini kwao kulikuwa na kabati la chuma lenye droo, kila droo na herufi yake, ndani kadi za wanachama. Nikasema, si ndiyo haya haya? Nikalipiga picha kabati, nikaenda nyumbani nikaliiga. Herufi ya kwanza ya jina la ukoo inachagua faili. Faili likishafunguka, programu inasoma majina kutoka juu kwenda chini mpaka ilikute linalotafutwa.

Nilipoijaribu kwa majina ishirini niliyoyatunga mwenyewe ilikwenda kama upepo. Mwisho wa mwezi wakaingiza marejesho ya kweli. Saa nane mchana kompyuta, nayo kuukuu, ikaanza kulinganisha marejesho na kadi. Saa kumi na moja watu wanachukua mikoba yao kwenda nyumbani, kiduara bado kinazunguka. Wanachama walikuwa akina Mwakalinga, Mwaipopo, Mwambene, Mwasomola, Mwaijande, Mwakatobe. Kwa Wanyakyusa na majirani zao, "Mwa" mwanzoni mwa jina hubeba maana ya mwana wa fulani, kwa hiyo ukoo baada ya ukoo unaanzia pale pale. Zaidi ya nusu ya chama ilikuwa imebanana ndani ya faili moja, na faili la Q na la X yamekaa matupu. Kila rejesho lililoingia, programu ilifungua faili la M na kuanza upya kusoma kutoka jina la kwanza.

Kilichoharibika pale ndicho wanachokiita muundo wa data, yaani namna programu inavyoviweka vitu kwenye memori ili ivipate tena. Vitabu huanza na michoro ya visanduku na mishale. Mwanafunzi anakariri, mtihani unapita, michoro inasahaulika. Majina yake ya Kiswahili nayo hayajakaa sawasawa, darasani vinatajwa kwa Kiingereza, na haya nitakayoyatumia hapa mengine ni ya kuazima tu. Nimeona kinachosaidia ni kuuliza hivi kila ukikutana na mpangilio: aliyepanga alitegemea kuulizwa nini? Muuza mitumba aliyetenga mashati na suruali anategemea uulize "shati unalo?" Akija mtu anayetaka kila kitu cha bluu, itabidi apekue meza nzima. Kupanga amepanga vizuri, ila ameulizwa lingine.

Tuanze na lililo jepesi. Nenda posta, tazama ule ukuta wa masanduku ya barua. Mwenye ufunguo wa sanduku 214 hahesabu moja, mbili, tatu. Namba yenyewe inampeleka. Hiyo ndiyo safu. Kompyuta inajua safu inaanzia wapi kwenye memori na kila kisanduku kina ukubwa gani, kwa hiyo inazidisha, inajumlisha, imefika. Safu iwe na vitu kumi au milioni kumi, hesabu ni ile ile moja. Picha uliyopiga kwa simu asubuhi hii ni safu ya nukta za rangi. Taabu huja pale mtu anapotaka sanduku jipya lisimame kati ya 214 na 215. Kuanzia hapo wote wasogee hatua moja, na kila mmoja apewe ufunguo mpya.

Sasa ingia kliniki asubuhi, ile isiyogawa namba. Watu wamekaa huku na huko: wengine kwenye benchi, wengine wamejianika juani maana Juni hapa kwetu baridi haina utani, mmoja amekwenda kutafuta chai. Mgeni anaweza kuapa kwamba hakuna foleni. Anayefika anauliza tu, "Jamani, wa mwisho nani?" Mzee mmoja ananyanyua mkono. Imetosha. Hahitaji kujua walio mbele ni wangapi wala wamekaa wapi. Kazi yake ni kumkumbuka yule mzee, na akija mwingine kuuliza, naye anyanyue mkono.

Huo ndio mlolongo wa viungo. Vitu vimetawanyika popote penye nafasi kwenye memori, na kila kimoja kinabeba anwani ya jirani yake mmoja. Sasa mama wa kitenge cha kijani amechoka kusubiri. Kabla hajaondoka anamgeukia aliye nyuma yake: "Mwanangu, mimi nilikuwa nyuma ya yule baba wa kofia, basi wewe mfuate yeye." Kiungo kimoja kimebadilishwa, mlolongo mzima umepona, hakuna aliyeinuka kwenye benchi. Kwenye safu ya posta kazi hiyo ingehamisha watu mia. Lakini muulize mtu yeyote pale, "Wa kumi na tano ni nani?" Hakuna anayejua. Itabidi uanze kwa aliye mlangoni, uulize ni nani anayemfuata, kisha nani anayemfuata huyo, hivyo hivyo mpaka kumi na tano. Na mama yule angeondoka kimya kimya, waliokuwa nyuma yake wangebaki wanaelea, na ugomvi ungeanzia mlangoni kwa daktari. Waandika programu wanaufahamu ugomvi huo: kiungo kikipotea, vitu vyote vilivyokuwa nyuma yake vipo kwenye memori lakini hakuna njia ya kuvifikia. Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon, Wamarekani walioutumia mpangilio huu mapema, miaka ya 1955 na 1956, walikuwa wanaandika programu ya kuthibitisha hoja za mantiki, ambayo orodha zake zilirefuka na kufupika katikati ya kazi. Huwezi kujenga ukuta wa posta wakati hujui watakuja wangapi.

Rundo nililielewa nikiwa Uyole, nimesimama pembeni ya Fuso nikisubiri lifti ya Iringa. Mzigo ulikuwa wa watu wengi: viazi vya Dar es Salaam, mchele wa Morogoro, parachichi za Iringa, na mikungu ya ndizi za Tukuyu ya kushusha Makambako. Utingo hakuandika popote. Magunia ya Dar yalitangulia, yakasukumwa mpaka ukutani nyuma ya kabini. Yakafuata ya Morogoro, kisha ya Iringa, ndizi za Makambako zikakaa mlangoni kabisa. Barabara ile inapita Makambako kwanza, halafu Iringa, halafu Morogoro, kwa hiyo kila atakapofungua mlango, mzigo unaotakiwa ndio utakaomtazama usoni. Kilichopanda mwisho kinashuka kwanza.

Tukiwa tunafunga turubai akatokea dada mmoja anakimbia, magunia matatu kwenye mkokoteni, yote ya Dar. Dereva akamhurumia. Yakawekwa pale palipobaki nafasi, yaani mlangoni, juu ya ndizi. Makambako yakashushwa magunia ya dada ili ndizi zitoke, yakarudishwa. Iringa yakashushwa tena, yakarudishwa tena. Nilipoagana nao utingo alikuwa anazungumza peke yake, maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Simu yako ina rundo la namna hiyo mahali kadhaa. Kitufe cha kurudi nyuma kinakupeleka kwenye ukurasa ulioutoka sasa hivi, si ule wa asubuhi. Kila ukurasa ulipofunguliwa, uliotangulia uliwekwa juu ya rundo. Unapofuta kosa kwenye maandishi kwa kutengua, kinachotenguliwa ni kitendo cha mwisho. Ila matumizi makubwa zaidi huyaoni. Programu imejengwa kwa vipande vinavyoitana: kipande cha kutoa risiti kinakiita cha kukokotoa riba, hicho kinakiita cha kusoma tarehe. Kila kinapoita mwenzake kinaacha alama, "ukimaliza unirudishe hapa." Alama hizo zinakaa kwenye rundo, ya mwisho kuwekwa ikitolewa kwanza, na ndiyo maana kazi iliyosimama katikati inaweza kuendelea pale pale ilipoachwa. Wajerumani Friedrich Bauer na Klaus Samelson waliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya wazo hilo mwaka 1957. Fuso lina ukomo na rundo lina ukomo. Kipande cha programu kinachojiita chenyewe bila kusimama kinapakia alama juu ya alama, kama anayeshindilia lumbesa akidhani gunia halina mwisho, mpaka nafasi inakwisha na programu inakufa papo hapo.

Foleni ya kawaida sitaielezea sana. Aliyewahi kuona malori yaliyojipanga kuelekea mpaka wa Tunduma anaijua kuliko mwandishi. Aliyetangulia anahudumiwa kwanza. Printa ya steshenari karibu na chuo inafanya kazi hivyo, ndiyo maana karatasi yako moja ya barua inangoja kurasa themanini za utafiti wa mtu mwingine.

Palipo na utamu ni foleni isiyo ya haki. Hospitali ikiletewa aliyepata ajali ya bodaboda, hakuna anayeulizwa amefika saa ngapi. Kompyuta nayo ina kazi zisizoweza kungoja: kidole kikigusa kioo lazima kijibiwe sasa, hata kama kuna faili kubwa linashushwa kutoka intaneti. Foleni ya kipaumbele inatakiwa ijibu jambo moja tu, na kila mara: nani wa dharura kuliko wote? Ukitaka kujibu kwa kuwapanga wote toka wa kwanza mpaka wa mwisho, utakuwa unapanga upya kila anapoingia mtu, nawe hukuulizwa wa tisini ni nani.

Kuna ujanja, na kila asimamaye Ilula kununua nyanya kando ya barabara ameuona. Tenga limepambwa, juu kabisa nyanya nyekundu, kubwa, inang'aa. Muuzaji anakuhakikishia hiyo ya juu. Za chini yake hajakuahidi chochote, na wewe ukifika nyumbani utajua mwenyewe. Kompyuta nayo huipanga foleni ya kipaumbele kama tenga hilo, mpango tuuite piramidi, ila wenye uaminifu zaidi kidogo. Sheria yake ni kwamba kila nyanya ni bora kuliko zile mbili zilizo moja kwa moja chini yake. Kati ya hizo mbili, ipi bora? Haijulikani, wala hakuna anayejali. Lakini sheria hiyo pekee inatosha kuhakikisha kwamba bora kuliko zote iko kileleni. Ukiichukua, nyanya ya mwisho kabisa kule chini inapandishwa kileleni kuziba pengo, halafu inashuka: inalinganishwa na mbili zilizo chini yake, iliyo bora inapanda, yenyewe inashuka ngazi, inalinganishwa tena. Kwa kuwa kila ngazi ina nafasi maradufu ya iliyo juu yake, nyanya milioni moja zinaenea kwenye ngazi 20 tu. J. W. J. Williams aliichapisha piramidi hii mwaka 1964. Nakumbusha kilele chake, maana tutakihitaji tukifika barabarani.

Na barabarani penyewe ni hapa. Ramani ya simu haioni milima wala mashamba ya chai. Kilichomo ndani yake ni nukta na mistari: Uyole nukta, Makambako nukta, kati yao mstari wenye namba. Hiyo ni grafu. Leonhard Euler aliichora akilini mwaka 1736 kwa ajili ya madaraja saba ya mji wa Königsberg, watu walipotaka kujua kama mtu anaweza kuyapita yote mara moja moja bila kurudia. Aliachana na umbo la mji, akabakiza sehemu za nchi kavu na madaraja yanayoziunganisha, na akaonyesha kwamba haiwezekani.

Chukua safari ya Uyole kwenda Njombe. Njia moja ni lami, mpaka Makambako halafu unakata kulia. Nyingine inapanda kupitia Isyonje, inavuka Kitulo, ile Bustani ya Mungu yenye maua, inatokea Makete halafu Njombe. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, Uyole hadi Makambako ni saa tatu na Makambako hadi Njombe saa moja. Uyole hadi Isyonje nusu saa, Isyonje hadi Makete saa nne, Makete hadi Njombe saa mbili.

Programu inaanza Uyole na inaona majirani wawili: Isyonje kwa nusu saa, Makambako kwa saa tatu. Inakwenda kwanza kwa aliye karibu, Isyonje, na kutoka hapo inagundua kwamba Makete inafikika kwa saa nne na nusu. Haiendi Makete. Inauliza tena: kati ya nilizozigundua na sijazitembelea, ipi ya karibu? Ni Makambako, saa tatu. Kutoka Makambako inaiona Njombe, jumla saa nne. Inauliza tena: Njombe saa nne, Makete saa nne na nusu. Ya karibu ni Njombe, nayo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa, kazi imekwisha. Kule Makete haikukanyaga, na haina haja: njia yoyote ya kupitia Makete imeshazidi saa nne kabla hata haijaanza kuteremka kwenda Njombe. Siku lami ikifungwa kwa ajali, namba ya mstari mmoja inabadilika, na hesabu hiyo hiyo inaweza kukupeleka kwenye maua.

Swali lile, "ipi ya karibu kuliko zote?", linajibiwa na kilele cha piramidi ya nyanya. Njia hii ni ya Mholanzi Edsger Dijkstra, ambaye alisimulia kwamba aliibuni mwaka 1956 akiwa amekaa mkahawani Amsterdam na mchumba wake, bila karatasi wala kalamu, kwa dakika kama ishirini. Aliichapisha mwaka 1959. Naona kukosa kalamu kulimsaidia. Angekuwa nayo, angeongeza mengine yasiyohitajika.

Turudi kwenye droo.

Nilichokuwa nimekitengeneza kilikuwa jedwali la hashi bila kujijua, tena bovu. Wazo la hashi ni kuupata ule wepesi wa posta hata pale unaposhika jina na si namba. Unalichukua jina, unalipitisha kwenye kanuni ya hesabu, inatoka namba, namba hiyo ni ya ndoo, yaani droo lake, unakwenda moja kwa moja kwenye ndoo. Hans Peter Luhn wa IBM aliliandika wazo hili kwenye waraka wa ndani wa kampuni mwaka 1953. Kanuni yangu ilikuwa "herufi ya kwanza", na ubaya wake unaonekana mara moja: haiwatawanyi watu. Watu wawili wakiangukia ndoo moja wanasemekana wamegongana, na kugongana kidogo hakuna shida, unapekua wawili au watatu basi. Mbeya waligongana wote.

Watunza masjala walishakutana na hili zamani. Upo mpango wa kupanga mafaili ya wagonjwa kwa tarakimu mbili za mwisho za namba, si za mwanzo. Namba zinazotolewa mwaka huu zote zinaanza kwa kufanana, zingerundikwa rafu moja. Tarakimu za mwisho hubadilika kwa kila mgonjwa, kwa hiyo rafu zote mia zinajaa kwa pamoja.

Nami nikatafuta kanuni itakayolitazama jina lote. Jaribio la kwanza lilikuwa kuzipa herufi namba, A moja, B mbili, mpaka Z ishirini na sita, kisha kuzijumlisha. Lema inatoa 12, 5, 13 na 1, jumla 31. Male ina herufi zile zile, jumla 31. Wamegongana bila sababu. Herufi inatakiwa ihesabike pamoja na mahali ilipokaa. Kwa hiyo kabla ya kuongeza kila herufi, zidisha kwanza ulichonacho kwa 31. Kwa Lema: anza na 12, zidisha kwa 31 upate 372, ongeza 5 iwe 377, zidisha tena ongeza 13 iwe 11,700, zidisha tena ongeza 1, imefika 362,701. Ukiwa na ndoo 100, chukua tarakimu mbili za mwisho: ndoo ya 01. Male kwa mwendo huo huo inatoka 388,621, ndoo ya 21. Hiyo 31 sikuibuni mimi. Java, lugha ya kuandikia programu, inaitumia hiyo hiyo kupata hashi ya maneno. Akina Mwakalinga na Mwakatobe bado wanaanza sawa, lakini herufi zinazofuata zinawatupa mbali mbali.

Marejesho ya mwezi uliofuata yakaisha kabla karani hajamaliza kikombe cha chai. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka Mafiati, nikijiona mtu.

Wiki ya mkutano mkuu mama karani akanipigia simu. "Mwanangu, nataka majina ya kubandika ubaoni, kwa alfabeti. Halafu unitolee peke yake wanaoanzia Mwaka mpaka Mwam, hao wana kikao chao." Nikanyamaza. Jedwali langu lilikuwa limewatupa watu kwenye ndoo mia kwa hesabu ambayo makusudi yake yote ilikuwa kuharibu mpangilio. Ukiuliza "Mwaipopo yuko wapi?" linajibu kufumba na kufumbua. Ukiuliza "nani anamfuata Mwaipopo?" jirani yake wa alfabeti anaweza kuwa ndoo ya 3 au ya 88. Kwa kuwapata wa Mwaka mpaka Mwam ilibidi nimwage ndoo zote mia chini, nipange upya, kila mara atakapouliza.

Kwa maswali ya aina hiyo kuna mti. Mti unaufahamu kila unapopiga namba ya kutuma pesa: menyu inakupa matawi, unachagua moja, linakupa matawi mengine, na kila chaguo linatupa nje yote usiyoyataka. Mkoa, wilaya, kata, mtaa ni mti huo huo. Kwenye majina, nodi ya juu, yaani njia panda ya kwanza, inasema, "Wanaotangulia Mwam kushoto, waliobaki kulia," na unashuka. Kila hatua inatupa nusu, kwa hiyo kati ya majina milioni moja unampata unayemtaka kwa maswali kama 20. Hashi ingefika kwa hesabu moja, ni kweli. Lakini mti umewaacha watu katika mpangilio wao, ukishampata wa Mwaka wa kwanza unawasoma tu wanaofuata mpaka Mwam.

Mti unaotumika sana kwenye kanzidata, zikiwemo za mabenki, una matawi mengi kwa kila nodi na unaitwa mti wa B. Waliubuni Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa kampuni ya Boeing, karibu mwaka 1970, na hawakuwahi kueleza hiyo B inasimama badala ya nini. Kila nodi ni kama ukurasa wenye nafasi maalumu. Ukurasa ukijaa unakatwa mara mbili, na jina la katikati linapandishwa juu kuwa alama ya njia panda. Kwa hiyo mti unakua pale tu palipojaa. Pasipo na watu panabaki palivyo. Ukitaka taarifa ya miamala yako ya tarehe 1 hadi 15, huo ndio unaoshuka mpaka tarehe 1 kisha unatembea.

Niliujenga kwa siku mbili, nikaenda ofisini kuuweka. Umeme ulikuwa umekatika. Mama karani, bila haraka, akavuta droo ya M kumtafutia kadi mzee aliyekuwa dirishani, na hapo ndipo nilipoiona ndani kwa mara ya kwanza. Vipande vya boksi la sabuni vilikuwa vimekatwa na kusimamishwa katikati ya kadi, vimeandikwa kwa kalamu nene: MWAI, MWAK, MWAM, MWAS. Nyuma ya MWAK kulikuwa na vingine vidogo: MWAKA, MWAKI, MWAKY. Nikavuta droo ya K, nikavuta ya S. Hazina kipande hata kimoja.

"Shikamoo mama. Hivi viboksi uliviweka lini?"

"Marahaba. Aa, ni vya siku nyingi. Pakijaa napakata."

"Mbona hukuniambia wakati natengeneza programu?"

Alishaipata kadi ya mzee, anaifuta vumbi kwa kiganja. "Si ulipiga picha kwa nje ukaondoka?"